Jumamosi Niliyomshika Blanketi

Baba aliponiambia nimshike mbwa ili amnyoe, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na sababu ya kusema hapana, na nilikuwa naijua. Kabla ya kusafiri, Mjomba alikuwa ameniachia neno moja tu: mashine isimguse mbwa huyu mpaka nirudi. Lakini Baba alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa mtoto ambaye baba yake hakuwa amewahi kumwomba msaada kwa kazi yoyote ya maana. Nikasema, "Sawa." Kisha nikamwita mbwa, naye akaja, kwa sababu aliyemwita ni mimi.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Binti yangu anaishi Kitui mjini, na hivi majuzi nilikaa kwake nikitibiwa macho. Mjukuu wangu ana mtoto wa mbwa mwenye manyoya marefu, na siku moja akaniomba nimsindikize kwa kijana mwenye duka la kuosha na kunyoa mbwa. Najua watu wa umri wangu watacheka, maana wengi wetu tulinyolewa kwa wembe chini ya mti, na leo mbwa ana kinyozi wake. Hata mimi nilicheka njia nzima. Nilipoingia mlangoni nikakutana na harufu ya mafuta ya mashine na manyoya yaliyolowa, na kicheko kikanikauka. Niliomba kiti.

Kijana yule hakumnyoa mbwa. Alimweka mezani juu ya taulo, akawasha mashine akiwa ameishika mbali, akampa mbwa kipande cha maini. Akaizima. Akamgusa bega kwa mgongo wa mashine ikiwa imezimwa, akampa kipande kingine. Mbwa akapiga mwayo mrefu na kujilamba pua.

"Ameshazoea," nikasema. "Hata usingizi umemshika."

"Hapana, mzee," kijana akanijibu bila kuinua macho. "Huyu hana usingizi. Mbwa mdogo akipiga miayo hivi na kujilamba, anakuambia ameogopa. Leo tunaishia hapo."

"Kwani namrudisha mchafu vile nimemleta?" mjukuu wangu akauliza.

"Mrudishe mchafu. Uchafu nitautoa hata mwezi ujao. Woga ukiingia, sijui nitautoa na nini."

Tulirudi nyumbani mjukuu akinung'unika. Miayo ile niliijua. Niliiona mara nyingi nikiwa mtoto, na siku zote nilidhani ni furaha.

Nyumbani kwetu ni Kilungu, kwenye mteremko ambapo shamba linashuka kama ngazi, na mtu akiangusha chungwa juu atalifuata mpaka kwa jirani. Tulikuwa watoto wawili tu walio hai, mimi na dada yangu mdogo Mueni. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu mnyoofu, asiyependa kelele wala uchafu. Mjomba Kilonzo, ndugu yake Mama, alikuja kukaa kwetu baada ya mzungu aliyekuwa amemwajiri kuuza ranchi na kuondoka. Kazi yake huko ilikuwa mbwa. Aliwaosha, akawachana, akawakata kucha, akawanyoa wakati wa joto. Alirudi na vitu viwili: sanduku la bati lenye brashi, mikasi na mashine ya kunyolea ya mkono, na mtoto wa mbwa wa kike ambaye alikuwa bado anayumba akitembea.

Baba alimtazama mbwa huyo, akamtazama Mjomba. "Huko umefanya kazi miaka yote hiyo, na hii ndiyo umeleta?"

"Hii ndiyo kazi yenyewe, shemeji," Mjomba akasema. "Kule Emali kuna wenye maduka wanafuga mbwa wa manyoya na hawajui kuwatunza. Wakiona huyu amenyolewa vizuri na ametulia, watanipa mbwa wao."

"Mbwa ni wa kubweka," Baba akasema, na kwake maneno yaliishia hapo.

Mueni ndiye aliyempa jina. Mbwa wa kwetu walikuwa wembamba, wa manyoya mafupi, rangi ya udongo. Huyu alikuwa rangi ya majivu na manyoya yalimfunika mpaka machoni. Mueni aliingiza mkono wote ndani ya manyoya hayo na kusema, "Huyu ni blanketi." Basi akawa Blanketi.

Mjomba aliniteua mimi kuwa mikono yake, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na mbwa alikuwa amenipenda. Alinifundisha kazi hiyo polepole, kama vile alivyotaka nimfundishe mbwa. Mwanzo hakuna chombo chochote kinachotoka kwenye sanduku. Unakaa chini, unamwita kwa kugonga ulimi kwenye meno, akija unamgusa sikio na kumpa ukoko wa ugali. Kesho unamgusa kucha. Siku nyingine unamfungua mdomo kidogo na kuufunga. Nilikuwa naona haya mbele ya wavulana wenzangu waliopita na mbuzi wao.

"Mnamsalimia mbwa?" mmoja aliniuliza. "Mwulize basi kama kwao hawajambo."

Mjomba hakujali. "Mbwa wa kazi yetu anajileta," alikuwa akisema. "Ukimvuta, umeshaharibu. Akigeuza kichwa, wewe umemaliza kwa leo."

Baadaye tukampa brashi ainuse. Kisha tukampiga brashi mara moja begani, basi. Mashine ilikuja mwisho. Mjomba aliiweka chini kwenye majani, Blanketi akaizunguka, akaibwekea, akachoka kuibwekea. Siku iliyofuata Mjomba akaibana na kuiachia akiwa mbali, ile sauti ya meno ya chuma, tk-tk-tk, na mimi nikawa namlisha. Nilimfundisha pia kulaza kidevu juu ya paja langu na kukiacha hapo nikimshika masikio. Nikisema "kidevu" tu, analaza. Mueni alikuwa akikaa kando akijifanya mteja wa Emali.

"Hii mbwa yako inauma?" angeuliza kwa sauti nzito.

"Haiumi, mama."

"Basi inyoe kama mchungaji."

Mjomba akiwa shambani nilikuwa naendelea peke yangu, kwa sababu nilitaka tufike haraka. Nilimsogezea mashine karibu zaidi kuliko nilivyoambiwa. Blanketi hakukimbia. Alipiga miayo, akajilamba pua, akatazama pembeni kidogo. Nikamwambia Mueni, "Unaona? Anapenda mpaka anasinzia."

Wakati huo huo manyoya yalikuwa yakirefuka, na pamoja nayo kupe. Kwetu kupe hawakosekani palipo na ng'ombe. Mbwa wa manyoya mafupi unamtoa kupe kwa vidole ukiwa unaongea na mtu. Blanketi alikuwa amewaficha kama pori. Jumapili moja ibada ya nyumbani ilifanyika kwa jirani, na Blanketi alitufuata akalala miguuni pa akina mama. Wimbo ukiwa katikati, mama mmoja akasimama, akainua kitambaa, akakuta kupe amevimba anapanda mguuni. Alimtupa tu motoni, wimbo ukaendelea. Lakini watu wote walimtazama Baba. Na ibada iliyofuata ilikuwa iwe kwetu.

Mjomba aliitwa Kathonzweni kwenye matanga ya mtu aliyefanya naye kazi. Asubuhi ya kuondoka alinisimamisha nje. "Endelea na brashi. Mashine isimguse mpaka nirudi. Amebakiza kidogo sana."

"Na kupe?"

"Kupe toa kwa mkono. Mkono hauna haraka."

Jumamosi Baba alirudi na ng'ombe kutoka josho, wanakoogeshwa kwa dawa ya kupe. Siku hizo watu walikuwa wakichota maji ya josho kwa debe na kuja nayo nyumbani, wakaogeshea mbuzi, wakapaka kuta za zizi. Hakuna aliyeona ubaya. Baba aliliweka debe hilo chini ya mchungwa, akaingia ndani, akatoka na mashine ya Mjomba.

"Mwite mbwa," akasema. "Kesho nyumba hii ni ya Mungu. Sitaki kupe aingie kwa Biblia ya mtu."

"Mjomba alisema tungoje arudi."

"Mjomba wako ndiye atasimama kesho mbele ya watu?" Hakusema kwa ukali. Akaongeza, na hapa ndipo aliponipata, "Mimi simwezi huyu mbwa. Ni wewe anakusikia. Nishikie tu, ni kazi ya dakika."

Baba hakuwa amewahi kusema kwamba kuna kitu asichokiweza na mimi nakiweza. Mueni, aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni, alisema, "Mjomba alikataa." Nikamwambia anyamaze, hayo ni ya wanaume.

Nikakaa chini, nikagonga ulimi. Blanketi akaja akitikisa mwili mzima. Nikasema "kidevu," akalaza kidevu kwenye paja langu, akaniangalia. Baba alipoweka mashine mgongoni, alipiga mwayo.

"Anapenda," nikamwambia Baba.

Mashine hiyo ilihitaji mafuta na mkono unaoijua. Baba aliibana kama anakata kamba. Manyoya yalikuwa yamefungana na mbegu za majani, yakanasa kwenye meno ya chuma, naye akavuta. Blanketi akalia na kutaka kuondoka. "Mshike," Baba akasema. Nikamshika shingo. Alipozidi kujipindapinda nikamlalia kwa kifua, nikaukunja mkono wangu chini ya taya lake, pale pale nilipomzoeza kupumzika. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye mbavu zangu. Baba aliendelea mstari kwa mstari, na nyuma ya sikio mashine ikabana ngozi na kuichana. Damu ikatoka. Sasa alikuwa halii tena kama mbwa mdogo, alikuwa akitoa sauti moja nyembamba isiyokatika.

"Tumemaliza," Baba akasema, na bila kungoja nimwachilie akainua debe na kummwagia maji ya josho kuanzia kichwani. Dawa ikaingia kwenye jeraha na machoni. Hapo aliniuma mkono, si sana, akachomoka chini yangu na kupotelea kwenye ua wa mkonge. Baba alinipangusa bega. "Umefanya vizuri," akasema. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Ibada ilifanyika, hapakuwa na kupe, watu walikula wakashiba. Blanketi hakuonekana. Jioni nilikwenda kwenye mkonge na ukoko wa ugali, nikagonga ulimi. Niliyaona macho yake. Nilipogonga mara ya pili akarudi nyuma zaidi.

Mjomba aliporejea alimwona kutoka mbali, amenyolewa ovyo, kovu bichi nyuma ya sikio. Hakumuuliza Baba. Aliniuliza mimi.

"Nani alimwita?"

"Ni mimi."

"Kwa ulimi?"

"Ndiyo."

"Na kidevu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mjomba alikaa juu ya sanduku lake la bati. "Angeshikwa na mtu asiyemjua, angemchukia mtu huyo, basi," akasema. "Sasa anachukia mikono yote. Itabidi uanze chini kabisa. Usimguse. Keti tu karibu na mkonge kila siku, umtupie chakula, uende zako. Labda mwaka mzima."

Nilianza hivyo. Nilikaa, nikatupa chakula, nikaondoka. Lakini mtoto hana mwaka mzima mfukoni. Kulikuwa na mbuzi, shule, mpira wa makaratasi. Mjomba naye alikwenda Emali bila mbwa wa kuonyesha, akapata kibarua cha kuosha magari. Siku za kukaa karibu na mkonge zikapungua, kisha zikaisha. Ni Mueni aliyeendelea kumtupia chakula, akimsemesha kwa mbali, lakini mbwa hakumkaribia hata yeye. Blanketi hakuhama. Usiku alibweka kama mbwa yeyote, kwa hiyo Baba aliona hakuna kilichoharibika.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba watu wa mifugo watakuja sokoni Mukuyuni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kila nyumba ilete mbwa wake kwa kamba. Asubuhi hiyo mimi na Baba tulimfukuza Blanketi kutoka ngazi moja ya shamba hadi nyingine. Baba alitega kitanzi kwenye mkonge, Blanketi akanasa, akaikata kamba kwa meno kabla hatujamfikia. Mwishowe tulikwenda Mukuyuni bila mbwa, kuuliza kama daktari anaweza kuja nyumbani.

Sokoni mbwa walikuwa wamefungwa kila mahali, wakipigana, huku wenye mbwa wakipiga gumzo. Daktari alikuwa kijana, mikono imejaa mikwaruzo. Baba alimweleza.

"Mzee," akasema, akivuta dawa kwenye sindano, "mbwa akikataa kushikwa na mwenyewe, mimi nitamshika na nini?"

"Basi tufanye nini?"

"Mzoezeni. Tukirudi mwaka ujao mtuletee."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Baba alinunua chumvi, tukapanda mlima kurudi nyumbani.

Mvua ya vuli ilikuja na kupita. Siku moja, nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya jiko nikinoa panga, nilimwona Blanketi akitoka kwenye mkonge na kuja moja kwa moja. Sikumwita. Alitembea polepole, kichwa chini, mpaka akanifikia, akauegemeza ubavu wake kwenye mguu wangu. Niliacha panga. Niliteremsha mkono kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa, nikamgusa mgongoni. Hakuondoka. Nikamgusa karibu na kovu. Hakuondoka. Macho yake yalikuwa yamelegea, na mdomo ulikuwa na mate mengi, nikadhani ni njaa.

Sisi tulijua kichaa cha mbwa. Kila mtoto wa kwetu alijua: mbwa anakimbia njia nzima, povu mdomoni, anauma miti na mawe. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kichaa kinaweza pia kuja kimya, na kumfanya mbwa mkali awe mpole. Mimi nililia kwa furaha. Nilikuwa na uhakika kwamba amenisamehe.

Nikamwita dada yangu. "Mueni. Njoo umwone. Njoo umguse."

Alikuja mbio, kisha akakumbuka, akapunguza mwendo. "Ati amekubali?"

"Amekuja mwenyewe. Mpe kitu."

Alikuwa na kipande cha kiazi kitamu mkononi. Akachuchumaa na kumnyooshea. Blanketi alikinusa, hakukila, akaugeukia mkono wenyewe na kuubana kwa meno, bila kunguruma, kama mlango unaofungwa na upepo. Halafu akauachia, akatembea kuelekea bondeni akiyumba.

"Ameniuma kidogo tu," Mueni akasema. Alinionyesha. Palikuwa na tundu dogo kwenye kidole na damu isiyotosha kuchuruzika. Mama aliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akatugombeza sote wawili kwa kumchezea mbwa mshenzi. Baada ya siku chache Baba alimkuta Blanketi amekufa kwenye mfereji. Akasema ni nyoka. Akamzika, na kidonda cha Mueni kikafunga.

Tulikuwa tumeshavuna mbaazi Mueni aliposema kidole kinamwasha kwa ndani. Kisha akawa na homa, tukasema ni malaria. Kisha Mama akampa maji kwenye kikombe, na nikaona koo la dada yangu likikataa, shingo ikikakamaa, kikombe kikianguka. Alilia kwamba upepo wa mlangoni unamuumiza, mlango ukafungwa. Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Baba alimbeba mgongoni mpaka barabara kubwa, akampeleka hospitali, na mimi nikafuata nimebeba shuka. Daktari alimtazama akijaribu kunywa, akamgeukia Baba.

"Aliumwa na mbwa?"

Baba akanitazama mimi. Mimi nikasema ndiyo, mbwa wetu.

"Mbona hamkumleta siku hiyo?"

Siku ya mazishi Mjomba alipanda kutoka Emali. Alinikuta nyuma ya jiko, akakaa karibu nami, na swali lake lilikuwa moja. "Alikuja mwenyewe?"

"Alikuja mwenyewe, Mjomba. Nilidhani amenisamehe."

Alivua kofia. "Yule asingekuja," akasema. "Mbwa aliyekataa mikono namna ile haji. Ukimwona amekuja, ni mgonjwa."

Baba hakunilaumu hata siku moja, na alizeeka bila kulitaja jambo hilo. Watu wengi wameniambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilimtii baba yangu, kwamba ugonjwa ni ugonjwa. Nimeyafikiria maneno yao kwa uaminifu. Lakini najua mpangilio wa mambo. Mbwa aliyekuwa amebakiza kidogo tu azoee mashine, nilimwita kwa ile sauti aliyoiamini, nikamlalia mpaka akaacha kuiamini mikono yote. Kwa sababu hiyo hakushikika. Kwa sababu hakushikika, hakuchanjwa. Kwa sababu hakuchanjwa, aliugua, akamuuma Mueni, na Mueni akafa kwa kiu huku maji yakiwa kando yake. Alikuwa bado hajang'oka meno yote ya utoto. Nilisema "sawa" ili Baba anisifu, na sifa hiyo niliilipa kwa dada yangu.